Nagombea tena kamati ya shule

Jumamosi wazazi tunachagua kamati mpya ya shule ya msingi hapa mtaani, na mimi jina langu nimelirudisha. Mume wangu anauliza nalipwa nini. Silipwi kitu, hata soda ya kikao tunachangishana.

Watu wanadhani tunakaa kumpigia makofi mwalimu mkuu, ambaye ndiye katibu wetu. Kazi iko kwenye ruzuku. Hapa Tanzania shule ya msingi ya serikali haina ada. Serikali ilipanga shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 6,000 kati ya hizo ndizo za kuja kwenye akaunti ya shule. Haya, zigawe kwenye chaki, mitihani na ukarabati, uone zinavyoyeyuka. Halafu uji. Mchango ni wa hiari, sasa mtoto ambaye kwao hawajachanga anywe au akae pembeni akiangalia wenzake? Nilisema anywe. Mzee mmoja alininunia mpaka kikao kikaisha (leo ndiye anayenipigia kampeni, siasa bwana!).

Mkutano ni saa nne asubuhi. Akina baba, safari hii mje. Ukumbi tunaujaza akina mama, mwenyekiti anachaguliwa mwanaume.