Hilux iliyomisi wiki tatu, na koili haikuwa na kosa

Nianze na hili kwa sababu bado linaniuma: namba ya hitilafu P0353, inayotoka kwenye kompyuta ya gari, haisemi koili (ile inayoipa plagi umeme wa cheche) imekufa. Inasema njia ya umeme ya koili C ina hitilafu, na C kwenye injini hii ni ya tatu. Njia hiyo ni koili yenyewe, konekta yake, nyaya nne zinazoingia humo, mpaka kwenye kompyuta ya gari. Mafundi watatu hapa Malindi waliitazama namba ile kwenye simu yangu, na wote jibu lao likawa moja: "Koili hiyo, sheikh." Nikanunua koili. Pikapu ikaendelea kumisi, yaani silinda kuruka bila kuunguza petroli, tena kwa raha zake.

Ni Hilux ya petroli, injini ya 2.7, silinda nne, kila plagi na koili yake juu. Inabeba samaki na barafu kutoka Ngomeni hadi mjini. Asubuhi ikienda tupu haina neno. Ikirudi na mzigo, ukiiweka gia ya nne kwa mwendo mdogo karibu na daraja la Sabaki, inashtuka kama mtu mwenye kwikwi. Taa ya injini inapepesa na nyuma kunanuka petroli mbichi. Taa ikipepesa hivyo, punguza mguu. Petroli isiyoungua kwenye silinda huenda kuungulia ndani ya katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba lake, na katalisti ikiyeyuka utauza mbuzi na bado usitoshe.

Namba ya mwanzo haikuwa P0353, ilikuwa P0303. Tarakimu ya mwisho ni silinda inayomisi, na silinda ya kwanza huhesabiwa kutoka mbele, upande wa feni. Ingekuwa P0300 ningejua misi inahamahama, nami ningetafuta mambo yanayogusa silinda zote: hewa inayovuja kwenye manifoldi (bomba la kuingizia hewa), pampu ya petroli, chujio. Ndiyo maana ushauri wa "umetiliwa petroli chafu" ulinichosha. Petroli chafu haichagui silinda. Tangi ni moja na bomba ni moja. Vipi namba tatu peke yake idhurike na wenzake wanywe salama? Hata hivyo niliimwaga petroli lita kama kumi na tano, kwa sababu aliyesema alikuwa mzee na nilimwonea haya.

Plagi za silinda nne nilizitoa na kuzipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wake. Tatu zilikuwa na rangi ya hudhurungi kavu. Ya silinda ya tatu ilikuwa nyeusi, imelowa petroli. Hapo tayari nozeli ya petroli iliyoziba imeondoka kwenye orodha, maana petroli inafika. Ingekuwa nyeupe na kavu ningeishuku nozeli, na ingekuwa imelowa oili ningezishuku ringi au sili za valvu. Plagi iliyolowa petroli mara nyingi maana yake ni mbili: cheche haipo, au kompresheni haipo.

Kompresheni tulipima na geji ya kuazima: psi 170, 170, 165, 170. Mzima kabisa. Ila toa plagi zote nne kwanza, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli na konekta za koili, kanyaga mafuta mpaka chini, halafu piga stata mizunguko sita hivi. Ukipima bila kukanyaga, hewa haiingii ya kutosha na utapata namba za kukutisha bure.

Basi imebaki cheche. Hapa ndipo nilipofanya ujinga: koili mpya niliinunua kabla ya kuhamisha ile ya zamani. Kuhamisha ni kazi ya dakika kumi na spana ya 10. Koili ya tatu ipeleke silinda ya kwanza, plagi ya tatu ipeleke ya pili, futa namba, endesha na mzigo. Ikirudi P0301, koili ndiyo mbovu. Ikirudi P0302, ni plagi. Mimi nilifanya hivyo baada ya kutoa elfu nane na kitu, na ikarudi P0303 ile ile. Koili ya zamani ilikaa silinda ya kwanza wiki nzima ikifanya kazi bila kulalamika.

Nikajaribu na ule ujanja wa usiku. Kwenye gari za zamani zenye distribyuta, ile inayogawa cheche kwa nyaya za plagi, unasubiri giza, unaacha injini ikinguruma, unanyunyizia maji ya chumvi kidogo kwenye nyaya za plagi, na pale umeme unapovuja unaona cheche za buluu zikicheza. Ni ujanja mzuri sana. Nilitayarisha chupa ya kunyunyizia, nikazima taa ya barazani, nikainua boneti, nikanyunyiza kwa ustadi wa mtu anayemwagilia maua. Hakuna kitu. Nikaongeza. Hakuna. Nusu saa nimeinamia injini, mbu wananila, ndipo akili ikanijia: kwenye injini hii mpira wa koili umezama ndani ya shimo la plagi. Hata kama ingekuwa inavuja, ingevuja huko chini nisikokuona. Na juu ya hayo nilikuwa nimekinyunyizia maji ya chumvi kitu ambacho, kama nitakavyoeleza, kiliuliwa na maji ya chumvi.

Kwa koili za namna hii mpira utoe na uutazame mchana: mstari mwembamba mweupe au mweusi ubavuni mwa mpira ndiyo njia ya umeme uliovuja. Wangu ulikuwa safi.

Kilichonitoa ni balbu. Mita ya umeme nilikuwa nimeshaitumia: ufunguo umewashwa, injini imezimwa, konekta zote nne zimechomolewa, nikapima kati ya waya wa moto na waya wa athi, yaani hasi. Zote zilinipa volti 12.4. Ndiyo maana niliziacha. Lakini mita hainywi umeme. Uzi mmoja wa shaba uliobaki hai unatosha kuionyesha 12.4. Koili inakunywa hasa. Ni kama mfereji ulioziba mchanga: ukiuziba kwa kidole unahisi maji yanasukuma, ukiweka ndoo haijai.

Nikachukua balbu ya indiketa, ile ya wati 21, nikaiunga nyaya mbili. Silinda ya kwanza, ikawaka nyeupe. Ya pili nyeupe, ya nne nyeupe. Ya tatu ikawaka nyekundu kama kaa linalozimika. Nilicheka peke yangu pale. Kujua upande upi, mguu mmoja wa balbu niliupeleka kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye pini ya moto: nyeupe. Kisha mmoja kwenye chanya ya betri na mwingine kwenye pini ya athi: nyekundu. Athi ya koili ya tatu, basi.

Mambo mawili kwa atakayejaribu. Konekta ina pini nne. Balbu ni ya zile mbili za moto na athi peke yake. Mbili zilizobaki ni za mawasiliano na kompyuta, na balbu itavuta umeme mwingi kuliko zinavyostahimili. Ukiiua kompyuta, koili itakuwa sadaka ndogo. Pili, usisukume msumari au waya mnene ndani ya pini. Zikipanuka hazitashika tena, na utakuwa umejitengenezea misi ya pili.

Nilipoukata mpira wa nyuma ya konekta, waya wa athi ulikuwa na unga wa kijani, na shaba yenyewe nyeusi. Nikaukata sentimita tano nyuma mpaka nikafika palipong'aa. Konekta yenyewe nilipata ya mtumba kutoka Mombasa, ikiwa na mkia wa nyaya, bei ya chai na mahamri ya watu wachache. Nikalehemu kwa risasi, nikavisha mpira unaosinyaa kwa moto wenye gundi ndani, kisha grisi ya silikoni kwenye mpira wa kuzuia maji. Mafuta ya mgando ya kujipaka usitumie. Kwa joto la injini yanayeyuka na kuondoka.

Kijani kile kilitoka wapi? Kwa kuosha injini. Gari la samaki linanuka, kwa hiyo kila Ijumaa lilipigwa maji ya presha mpaka chini ya boneti, na maji yenyewe ni ya kisima, ya chumvichumvi. Presha inayapitisha kwenye mpira wa konekta, jua linakausha maji, chumvi inabaki. Siku hizi waoshaji wanaosha bodi na sanduku la nyuma, boneti haifunguliwi. Nilizifungua na konekta nyingine tatu: ya pili ilikuwa imeanza kuota kijani kwenye pini moja, nikaisafisha mapema.

P0303 haijarudi tangu hapo, na masika yamepita. Koili mpya iko kwenye droo ya dashibodi, ndani ya boksi lake. Duka limekataa kuirudisha kwa kuwa imeshafungwa kwenye gari.