Nililala miji minne kabla ya kupanga nyumba Kibaha

Nyumba ya Bunju, pembezoni mwa Dar es Salaam, niliiona Jumapili saa kumi jioni, nikaipenda palepale. Chumba, sebule, jiko na choo ndani, sakafu ya vigae, mwembe mbele ya kibaraza, na upepo wa bahari uliokuwa ukipeperusha pazia. Kodi ilikuwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Kwa nyumba ya namna hiyo kule Sinza nilikuwa nimetajiwa 350,000. Kutoka Magomeni tulitumia dakika hamsini tu. Dalali akanivuta pembeni akaniambia, "Dada, kuna mtu anakuja kesho na hela mkononi, amua." Nikamwahidi kwamba Jumatatu jioni nitakuja na kodi ya miezi sita na mwezi mmoja wake wa udalali.

Ilikuwa Septemba 2022. Nilikuwa na miaka 26, mhasibu katika ofisi moja pale Posta, katikati ya jiji, na mwaka wa tatu ulikuwa unaisha nikilala chumba kimoja na wadogo zangu wawili kwa mama mdogo, Magomeni. Hakuna aliyenifukuza, na hilo nalisema kwa shukrani. Lakini nilitaka mlango wangu. Nilitaka pia mama yangu akija kutoka Muheza alale kitandani, asilale kwenye godoro la sebuleni akingoja watu wamalize kuangalia taarifa ya habari.

Usiku ule nilimsimulia mama mdogo habari za Bunju kwa furaha nyingi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kazini unaenda Jumapili?"

"Hapana, mama."

"Sasa barabara ya Jumapili inakusaidia nini? Nenda kalale huko, uamkie kazini. Ukirudi ndiyo uniambie umepata nyumba."

Nilikuwa na rafiki niliyesoma naye chuo, naye anakaa Bunju kwa kaka yake. Nilimwomba malazi, nikalala Jumatatu, na Jumanne saa kumi na moja na robo alfajiri nilikuwa kituoni. Daladala tatu zilipita zimejaa. Rafiki yangu akaniambia wenyeji wa pale hugeuza na gari: wanapanda likiwa linarudi kituo cha mwisho, wanalipa nauli mara mbili, ili mradi wapate siti. Tuligeuza. Boko hadi Tegeta gari lilitembea vizuri. Kuanzia Africana tukawa tunasukumana, Lugalo tukasimama kabisa, na Mwenge jua lilikuwa limeshachomoza. Makumbusho nikashuka nikaunganisha. Ofisini niliingia saa mbili kasorobo. Saa mbili na nusu nzima, kwenda tu. Nilimpigia dalali nikamwomba radhi kwamba sitachukua. Alikasirika, na hela yake ya kuonyesha nyumba hakurudisha, nami sikudai.

Siku hiyohiyo nilifungua daftari. Kazi yangu ni hesabu, na niliona aibu kwamba nilitaka kutoa zaidi ya milioni moja bila kufanya hesabu yoyote. Nilichora safu: saa ya kutoka nyumbani, saa ya kuingia ofisini, nauli, saa ya kufika nyumbani jioni, maji yanatoka siku ngapi, na mwisho, usiku kutoka kituoni hadi mlangoni kukoje. Nikajiwekea sharti kwamba silipi kodi mji wowote ambao sijalala angalau usiku mbili za siku za kazi. Utapata wapi pa kulala? Uliza. Nilishangaa ni watu wangapi ninaofanya nao kazi wanaokaa pembeni ya mji, na kila mmoja alikuwa tayari kunikaribisha. Nilikwenda na kilo mbili za sukari na mkate, nikafundishwa mambo ambayo dalali hawezi kukwambia.

Kigamboni nilikwenda nikiwa na matumaini makubwa, kwa sababu kwenye ramani ni jirani kabisa. Kivuko kwa mtembea kwa miguu kilikuwa shilingi 200, na ukishuka upande wa Kivukoni unatembea hadi Posta kwa miguu yako. Mwenzangu wa ofisini alinilaza kwake Kibada siku tatu. Asubuhi ya kwanza niliona raha ambayo sijaipata tena katika safari yoyote ya kazini: maji tulivu, meli zinangoja kuingia bandarini, wavuvi wanashusha samaki pale Feri, nami nimesimama na watu mia kadhaa kimya kimya tunavuka. Ofisini nilifika saa moja na dakika tano. Siku ya pili pantoni moja ilikuwa kwenye matengenezo. Tulisimama kwenye banda la abiria dakika arobaini, na geti lilipofunguliwa watu walikimbia kwa namna iliyonitia hofu, maana mbele yangu kulikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni. Daraja lipo, lilifunguliwa mwaka 2016, lakini linakutoa Kurasini, na kwa asiye na gari lake na ofisi yake iko Posta ni mzunguko.

Pantoni ningeivumilia. Kilichonitoa Kigamboni ni maji. Nyumba zote tatu nilizoonyeshwa zilitumia kisima cha mwenye nyumba, na maji yake yalikuwa ya chumvi. Sabuni haitoi povu, chai ina ladha, na ya kunywa na kupikia ni ya kununua kwa dumu. Niliandika kwenye daftari gharama ya madumu kwa mwezi, nikaona kodi nafuu imekwisha humo. Mitaa mingine ya Kigamboni ina maji mazuri, na mradi wa visima virefu umefika sehemu kadhaa tangu wakati ule, kwa hiyo anayekwenda leo aonje mwenyewe. Nasema aonje. Fungua bomba, kinga kiganjani, onja.

Kisarawe nilikaa siku mbili. Ni kamji kadogo juu ya vilima, pembeni ya msitu wa Pugu, baridi yake ya asubuhi ni tamu, na tangu 2020 wanapata maji ya Ruvu. Lakini ujenzi wa njia za mwendokasi, yale mabasi yenye barabara yake, ulikuwa umeshikilia Barabara ya Nyerere, na kutoka Gongo la Mboto hadi mjini kila siku ilikuwa na muda wake. Kwa mtu anayefanya kazi uwanja wa ndege au viwanda vya Pugu Road ningemshauri Kisarawe bila kusita.

Kibaha sikuwa nimeifikiria. Kwa watu wengi wa Dar, Kibaha ni mahali unapopita ukienda mkoani. Iko kilomita kama 40 kutoka mjini, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, na jina tu lilinichosha. Aliyenisukuma ni muuguzi mmoja tuliyekaa naye siti moja kwenye mwendokasi. Anafanya kazi mjini na anaishi Kibaha, karibu na hospitali ya Tumbi. Aliniambia, "Mdogo wangu, usihesabu kilomita. Hesabu mara ngapi gari linasimama."

Nilimkumbuka siku nilipolala kwa binamu ya rafiki yangu, Maili Moja, palepale Kibaha. Saa kumi na moja na dakika kumi nilikuwa kituoni. Daladala hadi Mbezi ilitembea bila kushika breki, maana barabara kutoka Kimara hadi Kibaha ilishapanuliwa kuwa njia nane, kilomita 19 na ushei. Mbezi nikaingia kwenye mwendokasi. Saa moja kasoro dakika kumi nilikuwa nakunywa chai ofisini. Siku ya pili, dakika zilezile, ikaongezeka saba tu. Siku ya tatu, zilezile. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba safari ndefu isiyobadilika naiweza. Safari ambayo leo ni saa moja na kesho ni saa tatu ndiyo inayomchosha mtu hadi anafika kazini amekwisha.

Jioni ilikuwa ngumu zaidi. Kivukoni hadi Mbezi nilisimama njia nzima. Nauli zote, pamoja na bodaboda ya kutoka kituoni, zilikaribia shilingi 4,000 kwa siku. Nikazidisha kwa siku 22 za kazi, nikajumlisha na kodi, nikalinganisha na Sinza. Bado Kibaha ilikuwa inaniachia kiasi cha kumtumia mama kila mwezi.

Halafu ukaja mgao. Oktoba ile Mto Ruvu ulipungua sana kwa ukame, na Dar es Salaam nzima ikawa kwenye mgao wa maji. Kibaha nayo inapata maji ya Ruvu Juu, mtambo uko Mlandizi, mbele kidogo tu. Niliona hii ndiyo nafasi ya kuujua ukweli, kwa sababu wakati wa neema kila mwenye nyumba atakwambia maji hayakatiki. Nilirudi Jumamosi mbili mfululizo, sikupita kwa dalali. Nilikwenda kwa kina mama wa genge. Nikinunua nyanya nauliza, "Shikamoo mama, hapa maji yanatoka siku gani?" Jibu lilikuja bila kupambwa. Mtaa mmoja ulikuwa unapata mara mbili kwa wiki, mtaa wa juu yake, mlimani, haujaona tone kwa siku tisa. Ni mji uleule, ankara ya maji ileile, ila huku bomba lina nguvu na kule halina. Nikaupiga mstari mtaa wa mlimani, japo nyumba zake zilikuwa nzuri kuliko nyingine zote nilizoziona.

Nilikuwa na hamu ya kuhama kabla ya Krismasi. Mama mdogo akanizuia tena: subiri mvua. Ilinigharimu miezi mingine mitano ya kubanana na wadogo zangu, lakini nilimtii. Aprili 2023 nilikwenda Kibaha siku ambayo mvua ilinyesha usiku kucha. Nyumba moja niliyoiwekea alama kwenye daftari ilikuwa bondeni, na njia ya kuifikia ilikuwa imegeuka mto. Bodaboda walikataa kuingia. Siku hiyohiyo Jangwani palifungwa kwa mafuriko ya Msimbazi, mwendokasi ikakomea njiani, ikabidi nizungukie Buguruni kwa daladala. Hilo niliandika kwa wino mwekundu: siku za namna hii zipo kila masika, na nikikaa nyumba yoyote iliyo upande wa Barabara ya Morogoro zitanipata. Nililikubali nikiwa na macho yangu wazi.

Nyumba niliyoichukua iko mwendo wa dakika kumi na mbili kwa miguu kutoka barabara kuu. Niliutembea mwendo huo saa tatu usiku, peke yangu, kabla ya kusema lolote kuhusu hela. Nilipita maduka mawili yenye taa, msikiti, na mama anayechoma mihogo ambaye hufunga saa nne. Kwa msichana anayerudi usiku, mama yule wa mihogo ana thamani kuliko vigae. Baada ya hapo nikaenda kwa mjumbe kujitambulisha na kuuliza kama eneo lina mgogoro wowote. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na wapangaji nao walitolewa na vyombo vyao. Kwa hiyo kila nyumba niliyoitazama nilizunguka ukuta wote nikitafuta alama ya X nyekundu.

Mwenye nyumba ni mzee mstaafu, mwalimu. Alitaka kodi ya mwaka mzima. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza kwamba mshahara wangu unaingia tarehe 28 na sina akiba ya mwaka, ila nina barua ya mwajiri na ninaweza kulipa miezi mitatu mitatu bila kuchelewa. Alinyamaza kidogo. Akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia Muheza. Akaniuliza kwa nini nimekuja mara nne kutazama nyumba moja. Nikampa daftari. Alivaa miwani akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akafika pale nilipoandika siku za maji, akasema, "Hapa umekosea, Alhamisi nayo hutoka, lakini saa tisa usiku." Tukakubaliana miezi minne ya mwanzo, kisha mitatu mitatu, kwa 150,000. Tuliandikiana mkataba mbele ya mwenyekiti wa mtaa, luku tukasoma mita pamoja, na deni la maji la mpangaji aliyetangulia akalilipa yeye kabla sijaingiza kitanda.

Nilihama Juni 2023. Alhamisi saa tisa usiku naamka najaza tenki dogo, ndoo tatu na beseni, kisha nalala tena hadi saa kumi na nusu.

Mama alikuja Agosti. Hakulazimika kufika hadi stendi ya Mbezi, maana basi lake lilipita Chalinze na Mlandizi, na konda akamshusha Maili Moja na kiroba cha machungwa. Nilimpokea, tukabebana naye kiroba huku na huku, dakika kumi na mbili zikawa ishirini kwa sababu alisimama kumsalimia mama wa mihogo na kumpa machungwa sita.