Siku Moja Maishani Mwangu: Mhuishaji wa Michoro na Ombi la "Kidogo Tu"

Saa 2:00 asubuhi huwa nimeshaketi mbele ya kompyuta. Kazi yangu ni uhuishaji: nachukua maandishi, nembo na michoro iliyotulia, naipa mwendo, kisha naulinganisha mwendo huo na sauti ya msimulizi. Ninajitegemea, kwa hiyo ankara, simu na mikataba vyote ni vyangu. Hadi saa 4:00 nilikuwa nimejibu barua pepe na kulainisha namna nembo inavyoingia mwishoni mwa video ya sekunde 30, ambayo ilibakiza kukabidhiwa tu.

Saa 4:15 ujumbe wa mteja ukaingia: "Ndugu yangu, video imependeza mno. Tuongezee kidogo tu, ifike sekunde 45, na utupe na ya kusimama kwa ajili ya simu. Tunaihitaji kesho."

Hilo "kidogo tu" ndilo linalotumaliza. Kila sekunde ya video ile ina fremu 25, picha tulivu zinazofuatana upesi, yaani fremu 750 kwa jumla. Sekunde 15 za ziada ni fremu 375, nusu nzima ya kazi tuliyokubaliana. Wala hazibandikwi mwishoni, kwa sababu msimulizi atarekodi upya, na neno lake likisogea, kila alama inayoonyesha kitu kinaanza kutembea wapi na kutulia wapi husogea nalo. Ama ile ya kusimama, ambayo kimo chake huzidi upana, wengi hudhani ni kukata pembeni. Picha yenye upana wa pikseli 1920, ukiikata hivyo, hubaki na takriban 608, chini ya theluthi moja. Katika onyesho la tatu mama anamnyooshea mtoto kikombe: kata picha hiyo, na utaona mkono ulionyooshwa bila kikombe wala mtoto.

Nilifungua mkataba. Unataja video moja ya kulala, sekunde 30, na awamu 2 za marekebisho, ambazo zilikwisha wiki iliyopita. Baada ya hapo nilibadilisha rangi za mandhari, nikaongeza na mhusika mmoja, bila kusema neno, na naamini ukimya wangu ndio uliomfanya mteja aone kila kitu kimo ndani ya bei.

Nikampigia. Tulizungumza karibu saa nzima. "Si kompyuta ndiyo inayofanya?" aliuliza, na swali hilo liliniuma, kwa kuwa kila kope inayopepesa katika video ile nimeipangia muda kwa mkono wangu. Hata hivyo sikupandisha sauti. Nilimweleza habari ya kikombe, kisha nikamwandikia pendekezo la kazi ya nyongeza lenye bei na siku 4, nikisema wazi kwamba video ya awali ataipata kesho kama tulivyoahidiana na kwamba sitagusa nyongeza kabla hajaidhinisha.

Mchana ulipita katika kungoja. Nilikula nikiwa nimechelewa sana, mgongo ukiuma, nikaiacha kompyuta ichakate video ya mwisho huku nikiikagua fremu kwa fremu.

Jua lilikuwa limeshazama alipojibu. Sekunde 45 ameziacha. Ya kusimama anaitaka, na pendekezo amelitia saini. Malipo ya awali yalipoingia, nilifungua onyesho la tatu, nikamshusha mtoto chini ya mama yake, na kikombe nikakiweka katikati yao.