Punje za kahawa

Jioni ile ya Oktoba 1999 redio ya baba ilikaa dirishani, waya wa antena umezungushwa kwenye msumari. Mwalimu Nyerere alikuwa amefariki London tarehe 14, na Radio Tanzania ilikuwa ikirudia hotuba zake. Ikafika ile ya Novemba 1978, ya vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda: uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Baba, sajenti mstaafu wa JWTZ, alikuwa akiifuatisha kwa midomo bila sauti, kama mtu aliye kanisani.

Jirani yetu, Mzee Katibu, aliyewahi kushika tawi la chama, alikuja kuomboleza kwetu kwa sababu eti redio yake haina betri. Nadhani alifuata rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mimi nilikuwa darasa la saba. Kazi yangu ilikuwa kuzungusha kisahani cha kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi kwetu Bukoba.

"Mzee tulimpenda," baba akasema. "Lakini kule mwishoni alituharibia vita."

Katibu akaacha kutafuna.

Baba akamimina kahawa juu ya kigoda, akaanza kupanga punje moja moja. Hii Mutukula. Hii Masaka. Lukaya, pale kwenye matope, tulipokutana na Walibya, askari wa Gaddafi waliokuja kumsaidia Amin. Mpigi. Entebbe. Kampala akaipa punje mbili. Kisha akachovya kidole kwenye rubisi, akachora njia ya kwenda Jinja.

"Hapa ndipo pa kuziba. Tulikuwa na watu, tulikuwa na mizinga. Amri ikatoka juu: njia ya mashariki iacheni wazi, Walibya wapate pa kutokea."

"Ulitaka wafe wote, Afande? Ugomvi na Gaddafi ungeumaliza wewe?"

"Hayo ya Gaddafi ni yake. Ya kuziba njia ni yangu. Walibya walitoka, na nduli Amin naye akatoka. Leo yuko Saudia anakula tende! Sisi tukaendelea kufukuzana na watu wake mpaka Juni. Mwalimu ni wa chaki, bwana. Vita awaachie wenye vita."

Ningekuwa na ruhusa ya kusema, ningempigia makofi. Kuhusu njia ile, hata leo sijamwacha baba peke yake, ingawa sasa naona kwamba Amiri Jeshi Mkuu alikuwa akihesabu vitu ambavyo kutoka kwenye handaki havionekani.

Katibu hakubisha. Aliinama, akaweka kidole juu ya punje ya Masaka.

"Na hapa, Afande? Hapa mlikuwa na amri ya nani?"

Mimi Masaka niliijua kama ushindi tu, Februari 1979. Miaka mingi baadaye ndipo nilisoma kwamba mji ulipokwisha kutekwa, vijana wetu waliyalipua majengo yake kulipiza yale askari wa Amin waliyoyafanya Kagera, na kwamba Mwalimu alipopata habari alishtuka, akaagiza jambo lile lisirudiwe.

"Ninyi hamkupita Kyaka," baba alisema baada ya kimya kirefu. "Daraja liko majini. Ng'ambo kule kwa wakwe zangu hakuna ng'ombe, hakuna bati, hata mlango wameng'oa."

"Sijauliza ya Kyaka."

Redio ikaingia kwenye nyimbo za maombolezo. Baba alikuwa bado anaitazama ile punje chini ya kidole cha mwenzake.

"Kulikuwa na duka," akasema, safari hii akiniangalia mimi, sijui kwa nini. "Kuta zote zimelala. Mlango umebaki umesimama peke yake, na kufuli lake. Mwenye duka alikuwa amefunga vizuri kabla ya kukimbia."

Katibu akaondoa kidole.

"Ongeza kahawa," baba akaniambia. Kisahani kilikuwa bado kimejaa nusu, lakini nikaenda.