Siku moja maishani mwangu: tuliacha Hell's Gate tukaenda Baringo

Saa 10:30 alfajiri, Nakuru. Kabla hata ya chai nakagua tairi na spea mbili, maana tunakoenda kuna mathenge, na mwiba wa mathenge unapenya hadi soli ya raba.

Wateja wa leo ni mwalimu mmoja, dadake na watoto wawili. Walitaka Hell's Gate, ile hifadhi ya Naivasha yenye korongo. Nikampigia mapema wiki hii nikamwambia, mwalimu, ni Jumamosi na shule zimefungwa, mtakuta mabasi getini na foleni ya baiskeli, na kule korongoni mtatembea mkiangalia mgongo wa mtu. Hell's Gate naipenda sana, nimefanya kazi kule miaka, lakini sio wikendi ya likizo, afadhali niwapeleke korongo moja la huku Baringo. Akaniuliza, "Na huko kwako kuna watu, kijana wangu?" Nikamwambia hakuna, ndio maana nataka mkaone.

Saa 12 tumetoka. Mogotio watoto wanapiga picha kwenye ikweta. Asali tutanunua tukirudi.

Saa 2 Marigat, joto tayari. Chai na chapati haraka, kisha tunamchukua mzee ambaye mbuzi wake ndio wanalisha kule. Siingii kwenye laga ile, yaani mto mkavu wa korongoni, bila yeye, na pesa yake nampa kabla hatujaanza kutembea.

Halafu napiga simu Kabarnet kwa shemeji yangu anayeuza viazi sokoni. Hii simu ndiyo kazi yangu yenyewe kwa siku kama hii. Kabarnet iko juu kama mita 2,000, Marigat iko chini kama 1,000 tu, sasa mvua ikinyesha kule milimani wewe huku umesimama kwenye mchanga mkavu, jua linakuchoma, na maji yanashuka kukufuata. Hell's Gate yaliua watu 7 mwaka 2012, na 2019 wakafa wengine 7. Shemeji anasema kweupe. Twende.

Saa 3 hadi saa 6 ndizo saa nilizowatolea Nakuru. Kuta nyekundu zinapanda pande zote mbili hadi mahali pengine unagusa zote ukinyoosha mikono, mwamba umelainishwa na maji mpaka una vishimo kama bakuli, na ndani ya kimoja kulikuwa na kokoto nyeupe zimekaa kama mayai. Kengele ya mbuzi tuliisikia mahali hatukuona mbuzi. Waridi la jangwani lilikuwa limechanua juu ya jiwe, shina limevimba kama chupa na halina jani hata moja, mtoto mdogo akataka kuchuma, mzee akamshika mkono, "Acha hiyo, utomvu wake ni sumu." Watoto hawakuuliza simu hata mara moja!

Kisha mzee akatuonyesha juu. Kwenye tawi la mgunga, juu kabisa ya kichwa changu na mimi si mfupi, kulikuwa na nyasi kavu na kipande cha gunia vimenasa. Mwalimu akauliza nani ameweka. Mzee akasema, "Maji." Mwalimu akabaki akiangalia lile tawi.

Saa 6 na dakika kumi napanda ukingoni kutafuta netiwaki. Shemeji: "Kumefunga mawingu huku." Nikashuka nikawaambia tunatoka. Mwalimu alitaka tufike kona moja tu ya mbele, aliniomba kwa upole kabisa, nikamwambia hapana mama, hata hiyo moja. Kutoka ilikuwa dakika 40, mzee mbele, mimi nyuma na mtoto mgongoni.

Tulikula chini ya mgunga juu ya ukingo. Maji hayakuja tukiwa pale. Njiani tulinunua asali chupa tatu.

Saa 2 usiku niko nyumbani nang'oa miiba kwenye raba kwa koleo, nimehesabu saba. Shemeji ametuma meseji: ilianza saa 9, bado inapiga. Mwalimu naye ameandika, anauliza ile kona tutaifikia lini. Nimemjibu nitaanza kwa kuuliza Kabarnet.