Rita Pavone na bastola zake

Kati ya filamu za kauboi zilizotengenezwa Italia katika miaka ya 1960, ninayoirudia mara kwa mara ni Rita nel West ya mwaka 1967, ambayo mwongozaji wake, Ferdinando Baldi, alimkabidhi bastola Rita Pavone, mwimbaji wa pop aliyekuwa kipenzi cha vijana wa nchi hiyo. Wapo wanaoiona kuwa mchezo wa kitoto uliobuniwa ili kuuza santuri. Mimi naiona kuwa kazi ya watu walioijua barabara aina ya filamu waliyoifanyia mzaha.

Biashara ya santuri imo, hilo halina ubishi. Waitalia walikwisha kuzoea filamu zilizoitwa musicarello, ambazo hadithi zake zilifumwa kuzunguka nyimbo za mwimbaji anayevuma, ili vijana walionunua santuri zake waende pia kumtazama sinemani. Wakati huohuo, baada ya mafanikio ya mwongozaji Sergio Leone mwaka 1964, filamu za kauboi zilikuwa zikitolewa mfululizo. Kuyaunganisha masoko hayo mawili kulitarajiwa, lakini kuyaunganisha vizuri kulihitaji kipaji.

Baldi alikuwa nacho. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameongoza Texas, addio, filamu ya kauboi isiyo na mzaha hata chembe, ambamo mhusika mkuu aliigizwa na Franco Nero, yuleyule aliyempatia umaarufu Django, shujaa mwingine wa filamu za kauboi. Kwa hiyo Rita anapokutana na Django huyo na Ringo, shujaa mwenzake wa filamu hizo, wanaochekwa ni mashujaa ambao mwongozaji anawafahamu kwa karibu. Kinachonivutia zaidi ni hadithi yenyewe: Rita anazunguka akikusanya dhahabu ili aiangamize yote, kwa kuwa anaamini ndiyo chanzo cha maovu ya wanadamu. Katika filamu nyingi za aina hii watu huuana kwa ajili ya dhahabu. Huyu anaitafuta kwa bidii ileile, ila kwa nia iliyo kinyume kabisa.

Pavone, mzaliwa wa Turin, ni mfupi, ana nywele nyekundu, na sauti yake ni kubwa kuliko umbo lake. Watazamaji walikwisha kumwona akiigiza mtoto wa kiume mtundu katika tamthilia ya televisheni ya Gian Burrasca, iliyoongozwa na Lina Wertmüller, hivyo suruali na mwendo wa kibabe havikuwa vigeni kwake. Mtazame anaposimama mbele ya mwanamume mwenye misuli anayemzidi kimo kwa mbali: hakonyezi kamera, wala haombi kuchekewa. Anaigiza kana kwamba maisha yake yamo hatarini, na kicheko kinakuja chenyewe.

Yupo pia Lucio Dalla, wakati huo kijana mpiga klarineti aliyetoka kwenye jazi, miaka mingi kabla ya kutunga wimbo wa Caruso. Namna Wahindi Wekundu wanavyofanywa vichekesho hainipendezi hata kidogo. Mwigizaji Terence Hill naye yumo, akiwa mtanashati na mtulivu, na bila shaka Baldi aliona kitu ndani yake, kwani mwaka 1968 alimkabidhi nafasi ya Django mwenyewe katika filamu ya Preparati la bara!, safari hii bila nyimbo wala mzaha.