Saa nane ipi? Siku moja na mafaili ya wagonjwa wa mshtuko wa moyo

Nikisema nafanya kazi kwenye utafiti wa mshtuko wa moyo, watu huniuliza mambo mawili. La kwanza: "Kwa hiyo mnawajaribia watu dawa?" La pili: "Mmegundua nini?" Majibu yangu huwa hayana utamu. Simjaribii mtu chochote. Daktari anatibu kama anavyotibu kila siku. Mimi naandika nani aliletwa, maumivu yalimwanza lini, alifika saa ngapi, alipewa nini, na siku 30 baadaye yuko wapi: yuko kwake, amelazwa tena, au tumeshampoteza. Na nilichogundua binafsi ni kwamba faili lililopotea huwa limekaliwa na mtu anayelitafuta.

Hii hapa juzi yangu.

Saa 1:10 asubuhi. Wodini, zamu ya usiku inakabidhi. Nasimama nyuma na daftari langu, nisizibe njia. Wameingia wawili. Mmoja ametulia, ananisikiliza, ananiuliza maswali makali kuliko ya kamati ya maadili, kisha anatia saini fomu ya ridhaa. Wa pili bado ameshika kifua. Huyo simgusi. Mtu mwenye maumivu ya namna ile atasaini hata hati ya kuuza nyumba yake, na ridhaa ya hivyo si ridhaa. Nitarudi jioni.

Saa 2:30. Masijala. Nimeomba mafaili tisa, nimepata sita. Siku nzuri hiyo.

Saa 3 kamili. Kuingiza takwimu kwenye kompyuta. Hapa ndipo wageni wa kazi hii husinzia. Kila mgonjwa ana nyakati nne ambazo lazima nizipate: maumivu kuanza, kufika mlangoni, kupimwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo), na kuanza tiba, iwe dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda au puto la kuzibua mshipa. Miongozo inataka ECG ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike, na si kwa ukali wa bure. Mshipa wa moyo ukizibwa na bonge la damu, msuli unaoutegemea huanza kufa baada ya nusu saa hivi, na kufa huko hutambaa kwa saa kadhaa. Mwaka 1986 watafiti wa Italia, katika utafiti ulioitwa GISSI, walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 11,000, nusu yao wakiwa wamepewa streptokinasi, mojawapo ya dawa hizo za kuyeyusha damu iliyoganda. Dawa iliokoa watu, lakini walioipata ndani ya saa 3 tangu maumivu yaanze walinufaika kuliko waliofuata nyuma yao, na kwa walioipata kati ya saa ya 9 na ya 12 faida haikuonekana. Kwa hiyo mtu akiniambia, "Dakika tu hizo, si ukadirie," nanyamaza ili nisimjibu vibaya.

Mafaili matano yakaenda bila neno. La sita ndilo lililoila siku yangu.

Saa 4:40. Mwanamume, miaka hamsini na kitu. Fomu ya mapokezi inasema maumivu yalianza 08:00. Kufika 10:40. ECG 11:05. Dawa 11:50. Kwa hesabu hiyo alitibiwa saa 3 na dakika 50 tangu maumivu yaanze. ECG ilichelewa, lakini hakuwa wa kwanza. Nikaingiza. Nikawa nafunua kurasa za nyuma kutafuta dawa alizoruhusiwa nazo, jicho likanasa kwenye maelezo ya muuguzi: "Ametapika mara tatu kabla ya kupambazuka."

Atapike kabla ya kupambazuka, halafu maumivu yaanze 08:00?

Nikarudi kwenye majibu ya maabara. Troponini ya kwanza kabisa, ya damu iliyotolewa alipofika, ilikuwa juu mno. Protini hiyo humwagika kwenye damu msuli wa moyo unapokufa, na huhitaji muda ili ipande hivyo. Saa mbili na dakika arobaini hazikuitosha.

Wewe unayesoma Kiswahili umeshajua kilichotokea. Mimi ilinichukua dakika kumi. Aliyemleta mgonjwa aliulizwa: yameanza lini? Akajibu: saa nane. Saa nane ya usiku, ile ambayo hata jogoo bado amelala. Aliyekuwa akijaza fomu, fomu ya saa ishirini na nne, akaandika nane kama alivyoisikia. 08:00. Namba safi, imenyooka, na imekosea kwa saa sita.

Maana yake muda wa kusubiri tiba si saa 3 na dakika 50, ni saa 9 na dakika 50. Mtu yuleyule, dawa ileile, lakini kwenye jedwali anahama kutoka kwa waliowahi kiasi na kwenda kwa waliochelewa kabisa. Wakijaa wa namna hii, tutakuja kuandika kwamba kuwahi hospitali hakuna faida kubwa, na kosa litakuwa la kuhesabu saa tangu jua linapochomoza.

Kusahihisha kwa kukisia siruhusiwi, hata ningekuwa na uhakika kiasi gani. Lazima niulize. Kwa bahati, nzuri au mbaya sijui, simu yake ya siku 30 ilikuwa imepangwa siku hiyohiyo.

Saa 5:20. Namba ya mgonjwa haipatikani.

Saa 5:35. Haipatikani.

Saa 6 na kitu. Namba ya pili kwenye faili, ya ndugu wa karibu. Ikapokewa na kijana. Nikasalimia, nikamtaja mzee, nikaomba kuongea naye.

"Wewe nani?"

Nikajitambulisha, jina na mahali ninapofanyia kazi.

"Unamtakia nini baba?"

Hapo ndipo kazi hii inapokufunga kamba. Ridhaa aliitoa baba, si mwana. Hata kutamka tu kwamba mzee yumo kwenye utafiti wa moyo ni kutoa siri yake. Ninachoruhusiwa kusema ni, "Ni ufuatiliaji wa kawaida, ningependa kuongea naye mwenyewe." Hebu isikilize sentensi hiyo kwa sikio la mtu anayepigiwa simu na matapeli kila wiki.

"Halafu utaniambia nitume hela, sivyo?"

"Hapana kaka, sihitaji hela."

"Wote mnaanza hivyohivyo, dada."

Akakata. Nilipopiga tena nikakuta ameshanizuia. Nikaenda kutumia simu ya mezani ya wodi. Alipojua ni mimi, akanihutubia: jinsi shangazi yake alivyotapeliwa, jinsi sauti ya tapeli inavyokuwa na adabu kama yangu, na jinsi anavyonifahamu hata kama simfahamu. Kwa saa ya ukutani ilikuwa dakika kumi na moja. Nilimwacha amalize. Sikuwa na hasira naye, kusema kweli. Mtoto anayemlinda baba yake hivyo nami ningependa kuwa naye. Nilikuwa nimechoka tu. Mwishoni nikamwomba jambo moja: asiniamini, badala yake apige mwenyewe namba kuu ya hospitali, aombe wodi yetu, aniulizie. Akasema ataona.

Kuna wanaoniuliza kwa nini nisiandike "hakupatikana" nikaendelea na wengine. Kwa sababu waliokufa hawapokei simu. Ukiwaacha wote wasiopatikana, unabaki na waliopatikana, na waliopatikana wengi wao ni wazima. Ripoti itapendeza sana, na itakuwa ya uongo. Itifaki yetu inadai majaribio matano, ya siku na saa tofauti, kabla ya kumwandika mtu kuwa amepotea.

Basi nikakaa karibu na ile simu. Mwenzangu wa takwimu akanikuta hapo, amekuja mbio: amegawanya matokeo kwa siku za wiki, na wagonjwa wa Jumatano wanafanya vibaya kuliko wengine, tena vibaya sana! Nikamkumbusha ISIS-2. Utafiti ule wa 1988 ulikuwa na wagonjwa 17,187 wa mshtuko wa moyo, na ulionyesha kwamba aspirini hupunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23 katika majuma matano ya mwanzo. Wenyewe waliugawa hata kwa nyota za kuzaliwa, makusudi, ili waonyeshe upuuzi wa kukatakata takwimu: waliozaliwa chini ya Mapacha na Mizani wakaonekana aspirini haiwasaidii kitu. Akacheka, akaondoka na Jumatano yake. Mimi kinachonishangaza kwenye utafiti ule si nyota. Nawaza waliozifuata zile roho elfu kumi na saba, kwenye hospitali mamia, wakati simu za mkononi ni adimu, kujua nani yu hai.

Simu ililia baadaye, nadhani saa tisa alasiri ilikuwa imeshapita. Sauti ya mama.

"Mwanangu amenipa namba. Anasema nikupime kwanza."

"Shikamoo mama. Nipime tu."

"Marahaba." Akacheka. "Mzee huyu hapa."

Yu hai, basi. Nimefanya kazi hii miaka sita na bado neno hilo hunishusha mabega. Mzee akaongea nami, nikamuuliza kuhusu usiku ule, akasema, "Muulize mama, mimi nilikuwa nashughulika na kufa," akampa mkewe simu.

Sina ruhusa ya kumwekea maneno mdomoni. Siwezi kuuliza, "Ilikuwa saa nane ya usiku, sivyo?" Nikasema: mama, niambie usiku ule ulivyokwenda. Akaniambia. Mzee alimwamsha, akasema ni gesi. Akajipigapiga kifua, akakaa, akasimama, akatapika. Mama akatazama simu: saa nane na dakika kumi. Akamwambia twende. Mzee akasema subiri kukuche, tusisumbue watu usiku. Wakasubiri. Kulipokucha akasema amepata nafuu. Kisha jasho likaanza.

Nikaandika: 02:10.

"Mwanangu," akasema, "kama tungetoka saa ileile?"

Kwenye dodoso langu hakuna kisanduku cha swali hilo. Takwimu zinajua habari za watu mia, elfu. Za mtu mmoja hazijui. Nikamwambia kwamba mzee alifika, alitibiwa, na yuko nyumbani.

"Hujanijibu."

"Sijakujibu, mama."

Tukamaliza na dawa. Zile za moyo? Aliziacha wiki iliyopita, kwa sababu amepona. Zote: aspirini, ya kushusha lehemu, zote. Hili nalo nalisikia mara nyingi kuliko ninavyopenda. Kumwandikia mtu dawa si kazi yangu, lakini kunyamaza pia si kazi yangu. Nikamfuata daktari wa kliniki hadi mlangoni, akampigia mzee mwenyewe saa hiyohiyo. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo na ulinitosha.

Kusahihisha kwenyewe kulichukua nusu dakika. Unapiga mstari mmoja juu ya 08:00, mwembamba, ili bado isomeke. Unaandika 02:10 pembeni, sababu, tarehe, saini. Kufuta kwa wino mweupe ni marufuku.

Ndipo nikamkumbuka yule wa asubuhi aliyeshika kifua. Nikashuka wodini. Alikuwa amelala, uso umelegea, pumzi inakwenda vizuri. Sikumwamsha.

Ilibidi niende nyumbani, lakini kuna kitu kilinikereketa. Nikafungua jedwali zima, nikatafuta wagonjwa wote ambao maumivu yao yameandikwa kuanza saa kamili, bila dakika, kati ya 07:00 na 11:00. Kumi na wanne. Wapo ambao ni sahihi, bila shaka. Nikachapa orodha, nikaandika namba za simu kwa mkono pembeni, nikaibandika juu ya kompyuta. Kesho saa mbili, ya asubuhi, naanza na wa kwanza.